Mkutano wa mtaa: tunaitwa kuamua au kubariki? Njooni tujadili ushirikishwaji wa wananchi

Mlinzi wa Mtaro (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili limenikaa kooni muda mrefu, leo nalileta tulichambue bila jazba. Mambo ya chama gani kimeshinda wapi yana nyuzi zake. Hapa nazungumzia ngazi ya chini kabisa, yaani mtaa, kijiji na kata, na namna wananchi tunavyoshirikishwa pale serikali inapotaka kuamua jambo linalotuhusu.

Katiba ya Tanzania, Ibara ya 146, inasema madhumuni ya kuwapo serikali za mitaa ni kupeleka madaraka kwa wananchi. Na nchi hii imewahi kujaribu kuishi bila hizi serikali: zilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 kwa jina zuri la Madaraka Mikoani, miji ikaanza kuoza, zikarudishwa mijini mwaka 1978, halafu zikaja sheria za 1982, Na. 7 kwa ajili ya wilaya na Na. 8 kwa ajili ya miji. Hivyo kisheria hatuna shida kubwa. Mkutano mkuu upo na mkazi yeyote aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kukaa pale na kusema.

Sasa nendeni kwenye mkutano wenyewe.

Mtaa wangu sitautaja. Uko Dar, bondeni, masika ikipiga tunaweka magodoro juu ya kabati. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi ya serikali ya mtaa, karatasi ya A4, mkutano kesho yake saa nne asubuhi, siku ya kazi. Ajenda: kufungua, mapato na matumizi, mradi wa mtaro, mengineyo, kufunga. Mlangoni kuna daftari la mahudhurio, unaandika jina, namba ya simu, unasaini. Mapato na matumizi yakasomwa kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, hakuna nakala, hakuna ubao. Waliofika wengi ni wazee, kina mama wa magenge na vijana ambao siku hiyo hawakupata kibarua.

Mhandisi akafungua mchoro. Umekamilika, una mihuri. Mama mmoja anayeuza mihogo akasimama, akasema: "Mwanangu, maji hayapiti hapo mlipochora. Yanapita nyuma ya msikiti, yanakuja kutokea kwangu. Kila mwaka." Mhandisi akaandika kitu kwenye kijitabu, akajibu "tumepokea". Wengine wawili wakarudia hilohilo, na kila mmoja akaambiwa "tumepokea".

Mtaro ulijengwa kama ulivyochorwa. Masika iliyofuata maji yakapita nyuma ya msikiti.

Kilichonichoma zaidi kilikuja baadaye. Nilikwenda ofisi ya kata kwa shida nyingine, nikafanikiwa kuliona faili la mradi. Nyuma ya muhtasari imebanwa ile orodha yetu ya mahudhurio, na juu yake imeandikwa kwamba wananchi walishirikishwa na waliridhia. Yaani sahihi niliyoweka mlangoni kuonyesha kwamba nimefika ndiyo imegeuka ridhaa yangu. Na ya yule mama wa mihogo imo.

Hoja yangu ni hii. Vikao vyote rasmi nchini, kuanzia baraza la madiwani mpaka kamati ya harusi, vina ajenda inayoitwa "yatokanayo na kikao kilichopita". Mlisema hivi, limefanyika, halijafanyika, sababu hii. Mkutano wa wananchi ndio pekee ambao mara nyingi hauna yatokanayo. Tunaanza upya kila mara kana kwamba mkutano uliopita haukuwepo. Mwananchi anasema, anapokelewa, inaishia hapo. Baada ya mara ya tatu anaacha kwenda, kisha tunamwita mzembe asiyejali maendeleo ya mtaa wake.

Mimi ningeanzia hapo kabla ya mambo ya programu za simu na semina za kujenga uwezo. Kila mkutano ufunguliwe kwa yatokanayo, na majibu yabandikwe ukutani kwa maandishi: pendekezo hili limekubaliwa, lile limekataliwa, na sababu. Karatasi ya mahudhurio itenganishwe kabisa na ya maamuzi. Maamuzi yapigiwe kura, ihesabiwe mikono, wanaopinga waandikwe idadi. Na tuitwe wakati mchoro bado ni penseli.

Nyie kwenu hali ikoje? Kuna mahali mambo haya yanakwenda sawa?

Kijiwe Namba Tatu

Mkuu umeandika vizuri lakini unawapaka wananchi mafuta. Mtaani kwetu mwenyekiti ameita mkutano jumamosi jioni, spika imezunguka kwenye bajaji siku nzima, hawakufika hata watu thelathini. Wiki iliyofuata zikatangazwa fomu za mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile ya wanawake 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, foleni ilifika barabarani. Wabongo tunataka hela, hatutaki mkutano.

Mlinzi wa Mtaro

Kijiwe, hujaona kwamba umenijibia? Walikwenda mahali ambapo wakienda kitu kinabadilika.

Mtendaji Mstaafu

Mleta uzi, nimekusoma mara mbili. Nimekuwa mtendaji wa kijiji, baadaye wa kata, hadi nilipostaafu. Naomba nikae upande ule wa pili wa meza kidogo, maana mtendaji akisemwa huku mitandaoni huwa hana wakili.

Kwanza, kwa nini tangazo linabandikwa leo na mkutano ni kesho? Kwa sababu barua kutoka halmashauri nayo imefika leo, ikitaka muhtasari wa mkutano wa wananchi uwe umewasilishwa ndani ya siku chache. Mwongozo wa bajeti umetoka, ukomo wa bajeti umeshapangwa, wakubwa wanataka kukamilisha makabrasha yaende mkoani. Mtendaji anafanya nini? Anaita watu wa karibu, anapata sahihi. Sisemi ni sawa. Nasema mfumo unaomba karatasi, naye anatoa karatasi.

Tulifundishwa mbinu ya Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, wenyewe tukaizoea kwa kifupi chake cha Kiingereza, O&OD. Ni mbinu nzuri sana ikifuatwa. Mnakaa na wananchi siku kadhaa, mnachora ramani ya kijiji, mnaorodhesha tulichonacho na kinachotukwamisha, mnapanga vipaumbele. Nimeifanya na watu wakafurahi. Mpango ukapelekwa juu na zahanati ikiwa namba moja. Bajeti iliporudi tukakuta matundu ya vyoo vya shule, kwa sababu mwaka ule fedha iliyokuja ilikuwa na maelekezo yake. Vyoo ni muhimu, hakuna anayebisha. Lakini mimi ndiye niliyesimama mbele ya wale watu kuwaeleza, na hakuna aliyeniandikia sababu. Ningetoa wapi hayo yatokanayo?

Hapo ndipo ninapoongezea kwenye hoja yako. Majibu hayawezi kuanzia kwa mtendaji wa mtaa. Yaanzie kwa mkurugenzi. Bajeti ikishapita baraza la madiwani, kila kata irudishiwe ukurasa mmoja: mliomba haya, yameingia haya, haya yameachwa kwa sababu hizi. Ukurasa mmoja tu, wa Kiswahili cha kawaida, siyo jedwali la vifungu na kasma. Mtendaji akipewa karatasi hiyo ataibandika mwenyewe bila kusukumwa, maana inamwokoa yeye.

Jambo la pili. Wananchi wakikutana wanauliza barabara, maji na umeme. Barabara za mijini na vijijini zilihamia TARURA mwaka 2017. Maji ya vijijini yako RUWASA tangu 2019. Umeme unajulikana ni wa nani. Kwa hiyo mwenyekiti na mtendaji wamekaa mbele wanaulizwa maswali ambayo majibu yake yako ofisi nyingine kabisa, na ofisi hizo hazilazimiki kuja kukaa kwenye benchi chini ya mti. Hata mtendaji akiwa malaika atajibu "tumepokea". Wahandisi wa taasisi hizi wangepangiwa ratiba, kata kwa kata, wakae na wananchi japo mara moja kabla ya kupanga bajeti zao, nusu ya kelele zingekwisha.

Na tofauti ya mjini na kijijini muiangalie. Kijiji ni chombo kinachotambuliwa kisheria, kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa, kutunga sheria ndogo zikaidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Mtaa hauna hayo. Mtaa wa mjini kazi yake kubwa imebaki barua za utambulisho na muhuri. Mwenyekiti wa mtaa wenye watu wengi kuliko vijiji vitano hana mfuko wa hata kukodi kipaza sauti, anachangisha.

Kijiwe Namba Tatu

Mzee umesema kweli hapo kwenye kipaza sauti. Ila na posho za vikao mlikuwa mnakula, msitufiche 😀

Mtendaji Mstaafu

Posho ya kikao cha kata ni soda na nauli, kijana. Zilizonona ziko juu huko.

Mama Kitongoji

Shikamooni wakubwa, wengine hamjambo. Mimi niko kijijini, Nyanda za Juu Kusini. Nataka niseme kitu kuhusu hilo la watu kutokuja.

Kwetu mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa wa kawaida, wa taarifa, mahudhurio ni ya kusuasua, na akidi ikishindikana tunarudi nyumbani. Lakini ikisemekana kuna mtu kaomba ardhi, hata wagonjwa wanaletwa. Kwa nini? Sheria ya Ardhi ya Vijiji, ile Na. 5 ya 1999, inasema halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi mpaka mkutano mkuu uridhie. Watu wanajua kwamba wakisema hapana, ni hapana. Hawajasoma sheria, lakini hilo wanalijua. Alikuja mwekezaji mmoja na gari zake mbili, kazungumza vizuri, kaahidi zahanati. Watu wakauliza maswali tangu saa nane mpaka giza. Tulimpa sehemu ndogo kuliko aliyoomba, na ile ya kandokando ya mto tukamnyima. Hakuna mtu alitulipa posho siku ile.

Kwa hiyo mimi siamini kwamba mwananchi hapendi mikutano. Anapima, kama mimi ninavyopima nikiitwa kwenye kikao cha ukoo.

Halafu kuna muda. Mkutano wa asubuhi kijijini umewaondoa walio shambani, wa jioni sana umewaondoa wanaopika. Kwetu saa tisa alasiri ndiyo wanawake wanaweza, na wakati wa palizi msijisumbue kuita. Tangazo likipita siku ya mnada limefika vitongoji vyote, likibandikwa ofisini limefika kwa aliyefuata muhuri.

Na kuna jambo ambalo wanaume wengi huwa hamlioni. Mimi nimeolewa hapa. Baba mkwe wangu amekaa safu ya mbele. Akisema jambo, mimi nitasimama nimpinge mbele ya kijiji kizima? Nitakaa kimya, nikiulizwa baadaye nitasema niliridhia. Tulichofanya sisi, wanawake tunakaa wenyewe kwanza kwenye vikundi vyetu vya kuweka na kukopa, tunajadili ajenda zilezile, kisha mmoja anatumwa kusema "wanawake wa kitongoji hiki wanasema hivi". Mkwe akikasirika amekasirikia kitongoji. Kama ajenda ingetufikia wiki moja kabla, hili lingewezekana kila mara. Ikitufikia siku ileile haiwezekani.

La mwisho kutoka kwangu. Mwaka 2021 yalipojengwa yale madarasa ya fedha za UVIKO, shilingi milioni 20 kwa darasa, tulifanya kwa fosi akaunti, yaani bila mkandarasi, vifaa tunanunua wenyewe na fundi tunamweka wenyewe. Mimi nilichaguliwa kamati ya mapokezi. Saruji ikija tunahesabu mifuko, nondo tunapima, tunasaini. Ikaja tripu ya mchanga, lori limejaa kwa juu lakini pembeni ni mabonde. Nikakataa kusaini. Fundi akalalamika kazi inasimama, mwalimu mkuu akaniita pembeni, akaniambia "mama, tukimbizane na muda". Nikamwambia basi asaini yeye. Hakusaini. Lori likaenda kujazwa. Sijasoma ujenzi, ila kalamu ilikuwa mkononi mwangu na bila ile kalamu hela haitoki. Tangu hapo wasambazaji wakija wananisalimia kwa heshima sana.

Mlinzi wa Mtaro

Mama Kitongoji, shikamoo. Hiki ulichoandika kinastahili uzi wake. Kalamu iliyo na nguvu ya kuzuia hela ni tofauti kabisa na kalamu ya daftari la mahudhurio.

Kaunti Zote 47

Hamjambo majirani. Nafuatilia kutoka Kenya na nimeshindwa kunyamaza.

Sisi katiba ya 2010 imelilazimisha jambo hili: Ibara ya 10 inalitaja kati ya maadili ya taifa, Ibara ya 196 inalibana bunge la kaunti. Na tarehe zimewekwa: mpango wa maendeleo wa mwaka lazima ufike bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, sera ya fedha tarehe 28 Februari, makadirio ya bajeti tarehe 30 Aprili. Kwa hiyo mwananchi anayetaka kujua wakati wa kupiga kelele anaweza kuujua. Hilo la kalenda naona kwenu ni pengo, mzee mtendaji amelisema bila kulitaja.

Kikubwa zaidi, mahakama ziliuma. Mwaka 2014 Jaji George Odunga alifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013, sababu kuu ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Alisema haitoshi kurusha ujumbe mtandaoni na kuwaachia wenye haja wautafute wenyewe. Kaunti itumie makanisa, misikiti, mabaraza, redio za lugha za wenyeji. Baada ya hapo magavana wote walianza kuogopa neno "ushirikishaji wa umma".

Lakini nisiwadanganye, woga huo ulizaa ugonjwa mwingine. Sasa tuna mikutano mingi sana ya kujaza faili ili mahakama isifute. Basi linakodiwa, watu wale wale wanabebwa, wanapewa chai na mkate, picha zinapigwa, ripoti inaandikwa. Hati ya kurasa mia mbili ya Kiingereza inawekwa mtandaoni siku mbili kabla. Ndiyo, umma umeshirikishwa.

Mahali ambapo wengi hupataja kama mfano ni Makueni, wakati wa Gavana Kivutha Kibwana, 2013 hadi 2022. Kule mjadala ulianzia kijijini, ukapanda kwa kundi la vijiji, wadi ndogo, wadi, kaunti ndogo, mpaka kaunti, na kila ngazi inachagua kamati ya maendeleo. Kila mradi ulikuwa na kamati ya wananchi wa pale pale, na mwanakandarasi halipwi mpaka kamati hiyo itie sahihi. Ni kama mchanga wa Mama Kitongoji, ila umefanywa utaratibu wa kaunti nzima. Sharti lake ni kwamba gavana na watu wake wakubali kunyimwa, na wengi hawakubali.

Kuhusu majibu, yaani hayo mnayoita yatokanayo: ndiyo bado tunapigania. Mahakama ya Rufani ilipobatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 mwezi Julai 2024, moja ya mambo iliyolaumu ni Bunge kutotoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Mahakama ya Juu ikaja kuupindua uamuzi huo Oktoba mwaka huo huo. Kwa hiyo msidhani sisi tumefika.

Kijiwe Namba Tatu

Kumbe na nyie mna mkate wa bure. Huku hata maji hatupewi.

Shamba na Mjini

Mimi niko Unguja. Nyie mnalalamikia mwenyekiti mliyemchagua, kwetu sheha anateuliwa. Akiwa muungwana mtaishi vyema, atapita nyumba kwa nyumba, atawasikiliza. Asipokuwa muungwana hana haja na kura yako, hata umfanyie nini. Kwa hiyo hilo la kubandika majibu ukutani mimi nalipenda sana, maana ukuta hauteuliwi na mtu. Ila ukutani kwetu kuna picha za wagombea tangu uchaguzi uliopita, itabidi zibanduliwe kwanza.

Mpangaji Daima

Naona mmesahau kundi kubwa kuliko yote mjini: wapangaji. Nimeishi mtaa mmoja Dar muda mrefu kuliko baadhi ya wenye nyumba waliojenga juzi. Taka nalipia, ulinzi shirikishi nachangia, mafuriko yananikuta mimi kwa sababu mwenye nyumba anaishi kwingine. Siku nimesimama kwenye mkutano kuuliza mchango wa taa za barabarani umefikia wapi, mjumbe akaniambia, "Wewe si mpangaji tu? Mwenye nyumba wako yupo wapi?" Watu wakacheka, nikakaa.

Sheria inasema mkazi. Haisemi mwenye hati. Lakini mikutano mingi ya mjini inaendeshwa kama kikao cha wenye nyumba, na wapangaji wenyewe tumekubali. Halafu mnashangaa vijana hawaji, wakati vijana wa mjini wengi wanaishi vyumba vya kupanga.

Na kuhusu yule mama wa mihogo, ningependa wataalamu wetu wakumbuke kwamba Dar hii hii ina historia nzuri ya jambo hilo. Hanna Nassif miaka ya 1990 wakazi walishiriki kupanga na kujenga mitaro na barabara za ndani, wakafanya kazi kwa mikono yao na wakalipwa. Mwaka 2015 ikaja Ramani Huria, wanafunzi wa vyuo wakashirikiana na wakazi wa kata zinazofurika kuchora nyumba, vichochoro na mitaro. Nilikuwa naangalia tu pembeni, lakini nakumbuka mkazi anaonyesha kwa fimbo maji yalifika wapi ukutani, na kijana anaingiza kwenye simu. Maarifa ya nyuma ya msikiti yanaweza kuingia kwenye ramani kabla mhandisi hajachukua penseli. Teknolojia tunayo, tena ya bei rahisi.

Mlinzi wa Mtaro

Nashukuru sana wachangiaji. Mpangaji, umenigusa pabaya kwa wema, mimi ni mwenye nyumba na sikuliandika hilo kwa sababu halinikuti.

Nikisoma michango yote, naona Mama Kitongoji amesogeza hoja mbele kuliko mimi nilipoiacha. Mimi nilitaka tujibiwe. Yeye anasema watu wanakuja pale ambapo hapana yao inazuia kitu: ardhi haigawiwi, mchanga haupokelewi. Makueni ni hivyo hivyo, hela haitoki. Basi mjini tuombe kitu cha aina hiyo, japo kidogo. Kwa mfano mradi wowote unaojengwa ndani ya mtaa, malipo ya mwisho ya mkandarasi yasitoke bila sahihi ya kamati ya wakazi waliochaguliwa kwenye mkutano, na wapangaji wawemo. Hilo halihitaji kubadili Katiba. Halmashauri ikitaka inaweza kuliweka kwenye mkataba kesho asubuhi.

Naona ubaya wake pia. Kamati inaweza kununuliwa. Sahihi yenye nguvu ina bei, na mkandarasi anaijua njia ya kufika kwa watu watano usiku. Ndiyo maana majina ya kamati na walichokisaini lazima vibandikwe, na wabadilishwe kwa kila mradi, asiwepo mtu wa kudumu. Na bado wengine watanunuliwa. Ila kwa sasa hatuna hata cha kununua.

Kwa upande wangu nimeamua kuanza na lile faili. Nataka niombe kwa maandishi muhtasari wa ule mkutano wa mtaro, mchoro wa mwisho na gharama zake. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, inampa mwananchi haki ya kuomba na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Wangapi humu mmewahi kuitumia?

Kijiwe Namba Tatu

Sijawahi kuisikia hata. Ukiomba si ndo utaambiwa wewe ni mpinzani?

Mama Kitongoji

Usiende peke yako, baba. Nenda na yule mama wa mihogo, na wengine. Barua ya watu saba hawawezi kuita ya mpinzani.

Mpangaji Daima

Nami niko tayari kusaini kama ni mtaa ninaoudhania. Nimekutumia ujumbe inboksi.

Mtendaji Mstaafu

Nishauri kitaalamu. Usimwandikie mwenyekiti wa mtaa, utamweka kwenye wakati mgumu na hana hizo nyaraka. Andika kwa mkurugenzi wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kata na diwani. Taja tarehe ya mkutano na jina la mradi kama lilivyo kwenye tangazo, kwa sababu ukiandika "mtaro wa kwetu" watakujibu hawaujui. Usilalamike humo ndani, omba nyaraka tu, malalamiko yana barua yake. Peleka masijala, hakikisha nakala yako inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana siku 30 utazihesabia hapo. Karani akikwambia iache tu tutaishughulikia, mwambie kwa upole utasubiri muhuri.